Birika Lapanda Kilima cha Ndengela

Zamani ukitaka kumkosea Theodosia Mbano wa mtaa wa Lizaboni, Songea, hukuwa na haja ya kumgusia mali yake wala mume wake. Ulimwita tu Mama Birika. Kuna muuza dagaa mmoja aliyejaribu hivyo sokoni, akaambiwa mambo ya familia yake tangu babu hadi wajukuu ambao walikuwa bado hawajazaliwa, na dagaa zake siku ile hazikununuliwa. Siku hizi ukimwita hivyo anaitika, tena kwa madaha, shingo imesimama. Mimi nimekaa naye jirani miaka mingi na najua jina lile lilivyomla moyo, kwa hiyo nisipoeleza lilivyogeuka nitakuwa sijamtendea haki.

Theodosia ni mtoto wa wakulima wa tumbaku wa upande wa Namtumbo. Kijijini kwao ushirika ulikuwa na trekta moja, na dereva wa trekta hilo alikuwa mtu wa pombe ambaye Jumatatu asubuhi haamshiki hata umwagie maji. Mlinzi wa trekta alikuwa baba yake Theodosia. Wakulima wakija kulilia mashamba yao, mzee anamtazama binti yake, binti anapanda, trekta linawaka. Alikuwa na miaka kumi na sita. Ushirika ulipokuja kugundua nani analima, ulikuta kazi imekwisha, tena mistari imenyooka kuliko ya dereva mwenyewe, ukanyamaza kimya.

Akaolewa Songea mjini na Urbani, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na daftari, mpole, ambaye mpaka leo baiskeli ikifika mteremkoni anashuka anaikokota. Mwaka 1994 wakanunua mnadani Landrova One Ten ya dizeli. Mwalimu alitia sahihi, mkewe akashika usukani. Wakati huo lami ya Tunduru haikuwepo hata kwenye ndoto, na masika watu walilala njiani siku mbili, tatu, wakila mahindi ya kuchoma na kulaumiana. Theodosia akawa anabeba abiria njia hiyo. Wengine walikuwa wakiona mwanamke amefunga kitenge juu ya suruali, ameshika usukani, wanashuka na mabegi yao. Wanazunguka stendi, hawaoni gari jingine, wanarudi wamenyong'onyea. Yeye hawatazami. Anawaambia tu wasogee, kuna mama mjamzito anataka kukaa.

Basi alikuwa na jina zuri. Dereva wa matope, walimwita. Jina hilo alilipoteza kwa siku moja.

Ilikuwa Agosti 1999, wifi yake Anjelika, mdogo wake Urbani, alipoweka nadhiri za utawa. Kwetu Songea hilo si jambo dogo. Mtoto mmoja akiwa sista, ukoo mzima unakuwa sista. Mnakwenda kumchukua kwa masista wenzake, mnampeleka kijijini alikozaliwa kwa misa ya shukrani, na wanawake wa kijiji wanamsubiri barabarani. Wanatandika vitenge vyao chini, vipya, kimoja baada ya kingine kutoka barabarani mpaka mlango wa kanisa, ili mguu wake usikanyage vumbi. Ukoo ulimkabidhi Theodosia kazi ya kumpeleka sista Lihangweni, kijijini kwao.

Kabla hujafika Lihangweni kuna kilima kinaitwa Ndengela. Ni kirefu, chekundu, na kina kona mbili zinazokuomba gia ya kwanza. Siku ile, katikati ya kilima, mpira wa radieta ukapasuka, maji yakamwagika yote. Si jambo la kutisha. Theodosia akaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akachukua dumu akateremka mwenyewe mpaka mtoni, maana hakumwamini mtu kumletea maji yasiyo na mchanga. Ndugu wakachoka kusubiri. Romanus, kaka mkubwa wa Urbani, akawaongoza kwenda mbele kwa miguu, vifurushi kichwani. Sista Anjelika peke yake akabaki kulinda gari.

Theodosia alirudi baada ya saa moja na nusu, jasho linamtoka. Maji aliyomimina yalikuwa machache kuliko alivyotarajia, radieta ikajaa. Kwa haraka aliyokuwa nayo akaona hiyo ni bahati. Akawasha, wakapanda hatua kama mia tatu, gari likachemka likatoa moshi mweupe, likakohoa, likafa. Sista akatembea. Alifika Lihangweni jua linazama, gauni jeupe limekuwa la rangi ya kilima mpaka magotini, na wanawake walikuwa wameshakunja vitenge vyao.

Romanus alisema mbele ya watu wote, "Tulimkabidhi mwanamke gari na mtawa. Mmeona wenyewe."

Na yeye ndiye aliyelibandika gari lile jina la Birika.

Tangu hapo Landrova haikupona. Walibadilisha gasketi, wakabadilisha hedi, yaani kichwa cha injini, radieta ikapelekewa mpira wa maji, maji yakapita, mafundi wakasema ni nzima. Lakini kila kilima linachemka. Abiria wakaanza kumkwepa, safari hii kwa sababu. Mwaka 2003 akalisukumia nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, akalifunika turubai. Lami ya Tunduru ilipofika miaka mingi baadaye, mabasi yakawa yanapita kwa saa chache tu, na hakuna aliyekumbuka kwamba njia ile iliwahi kuwa na dereva mwanamke. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara nne. Aliwafukuza mara nne. Urbani akimuuliza analiwekea nini, alijibu kwamba kuku wanahitaji pa kulala.

Msidhani alikuwa amesahau. Kila sherehe ya ukoo, maharage yakichelewa kuiva, lazima mtu aseme, "Leteni Birika la Theodosia, linachemka haraka." Watu wanacheka. Naye anacheka pamoja nao, kisha akirudi nyumbani hali chakula.

Januari mwaka 2024 simu ikaita. Alikuwa Sista Anjelika. Mwezi wa nane angetimiza miaka ishirini na mitano ya utawa, jubilei ya fedha, na ukoo ungemchukua tena kumpeleka Lihangweni.

"Wifi," alisema sista, "Birika lipo?"

"Lipo. Limelaliwa na kuku."

"Basi waamshe hao kuku. Siku ya jubilei utanipeleka nyumbani kwa Birika. Sipandi kingine."

Theodosia akaishusha simu mezani bila kuaga. Akamwambia mumewe kwamba sasa hata watawa wanamcheka.

"Anjelika hatanii," Urbani alisema. "Tangu mtoto, akijaribu utani anapaliwa. Huyo anamaanisha."

Siku tatu Theodosia alizunguka nyumba hiyo kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku ya nne akaondoa turubai.

Jamani, kuna uzee na kuna kuoza. Panya walikuwa wamekula nyaya zote na kujenga kwenye kisanduku cha hewa. Tairi zimekaa chini zimepasuka. Ndani kulikuwa na magunia mawili ya mahindi yaliyobunguliwa, na kwenye kiti cha dereva, kiti chake mwenyewe, kuku alikuwa ameatamia mayai tisa. Theodosia akamtazama kuku, kuku akamtazama. Akaamua kuanza na upande mwingine mpaka vifaranga watoke, kwa kuwa hakuna dereva anayependa kushushwa kitini.

Fundi aliyemchukua ni Abdul, kijana wa kiume wa miaka thelathini na mitano mwenye asili ya Tunduru, ana gereji ya uani hapo hapo Lizaboni. Kazi yake kubwa ni radieta, ila injini nazo hazimshindi. Alipofika alisema shikamoo, akalizunguka gari, akaupiga ubavu wake kwa kiganja.

"Mama, hili nimelipanda. Nilikuwa na miaka minane, tulilala kwenye matope siku mbili. Marehemu mama alikuwa anakusema mpaka anakufa. Anasema dereva yule ukitapika ndani ya gari lake unafua gari zima."

"Ulitapika wewe?"

"Nilitapika nje, mama. Niliogopa."

Theodosia akampenda papo hapo.

Injini ilikuwa imeganda. Wakafungua nozeli, wakamimina dizeli kwenye silinda zote, wakaiacha ilale. Kila asubuhi Theodosia anakwenda na spana ndefu, anaitia mbele kwenye puli, anaegemea kwa uzito wake wote. Haitikisiki. Siku ya sita, akiwa anaegemea huku anamsema Romanus kimoyomoyo, spana ikasogea upana wa kidole. Akaacha. Akairudia, ikasogea tena. Akaenda jikoni akamwambia Urbani kwamba imezunguka, akakaa chini kwenye kigoda, machozi yakamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na oili.

Kuanzia hapo hakushikika. Alikuwa na miaka sitini na tatu, lakini alilala chini ya gari juu ya kipande cha mkeka akafungua silinda za breki moja moja, nyingine zimeshikwa na kutu mpaka zinalia. Tangi la mafuta lilikuwa na tope kama lami, akaliosha mara tano. Abdul akavuta nyaya mpya. Mwezi wa tano wakaweka betri, Theodosia akapanda kwenye kiti chake, kuku ameshahama na familia yake, akazungusha ufunguo. Ilikohoa, ikazima. Ikakohoa tena. Ya tatu ikawaka, na moshi uliotoka ulifunika nyumba tatu za jirani. Watu walikuja mbio na ndoo za maji wakidhani nyumba ya mwalimu inaungua. Wakamkuta mke wa mwalimu ameshika usukani, anacheka peke yake.

Furaha ile ilidumu dakika kumi. Dakika ya kumi na moja mshale wa joto ukapanda, kifuniko kikaanza kuimba, mvuke ukatoka. Birika lilikuwa birika bado.

Romanus alisikia. Wiki hiyo kulikuwa na kikao cha jubilei sebuleni kwa Urbani, na Romanus ndiye mwenyekiti. Alikuwa amezeeka, ila ulimi wake ulikuwa kijana.

"Shemeji," alisema, "tunakuheshimu. Lakini hatutamtembeza mtawa mara ya pili. Tumeshapata gari jingine, Noa. Hilo lako lije nyuma libebe masufuria, na likichemka tutapikia wali."

Wajumbe wakacheka. Theodosia akasubiri wamalize.

"Sista amesema atapanda langu."

"Sista yuko mbali, hajui hali ya gari."

"Basi Noa ije nyuma yangu, shemeji, wewe ukae humo. Nikisimama Ndengela, umchukue sista umpeleke, na kesho yake niite wale wa vyuma chakavu. Ukiwa bado unataka kusema, utasema mpaka nizikwe."

Urbani aliinua kichwa. Romanus akasema sawa, na katibu akaandika.

Sasa ona mtu alivyojifunga. Kilima ki mbele yake, gari linachemka likiwa limesimama kivulini. Asubuhi yake aliifungua radieta mwenyewe, akaibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Abdul.

"Usiniwekee mpira wa maji," alimwambia. "Wote waliweka mpira wa maji. Mimi nataka uitoe kofia nzima nione tumbo lake."

Abdul akawasha moto wa gesi, akaanza kuyeyusha risasi inayoshika tangi la juu. Moto ulipokolea, uani kukatokea harufu. Si ya kutu wala ya oili. Wanawake waliokuwa wakipita njia wakageuza shingo. Mmoja akauliza nani ameacha uji motoni.

Theodosia akasimama.

Tangi likatoka. Zaidi ya nusu ya mirija ilikuwa imezibwa, na juu yake kumekauka gamba la kahawia, nene, gumu kama ukoko wa chini ya sufuria. Abdul akalikwangua kwa bisibisi. Theodosia akachukua kipande, akakilowesha maji kiganjani, akakisugua kwa kidole gumba. Ndani yake kulikuwa na maganda madogo mekundu. Maganda ya ulezi. Mwanamke aliyepika togwa, ule uji mtamu wa kunywa, tangu ana miaka saba haulizi mtu mwingine.

"Mama, ni nini?"

"Togwa," alisema. "Gari langu lilinyweshwa togwa."

Na hapo alikumbuka ndoo. Siku ile ya 1999 mama wa ubatizo wa Anjelika alimpa zawadi ya togwa, ndoo nzima imefungwa kitambaa, ikawekwa nyuma ya gari. Gari lilipovutwa kesho yake, Theodosia aliikuta ndoo tupu. Alijua kina Romanus wameimaliza kabla hawajaondoka, akawasema moyoni, akasahau. Lakini kina Romanus waliondoka wamebeba vifurushi tu. Akakumbuka pia maji yalivyoingia machache. Aliyebaki na gari, saa moja na nusu, alikuwa mtu mmoja.

Yaani yule binti wa miaka ishirini na minne, katika usafi wake wote, aliona gari lina kiu akalinywesha. Togwa ikachemka ikawa uji, uji ukawa ukoko, ukoko ukaziba. Mafundi wote waliolaumu hedi walikuwa wanatibu kichwa cha mgonjwa wa tumbo.

Hasira iliyompanda Theodosia siku hiyo, Abdul alinieleza, ilimfanya yeye Abdul azime gesi na kusogeza nyundo mbali. Miaka ishirini na mitano amebeba aibu ya mtu mwingine. Amechekwa kwenye misiba na kwenye harusi. Ameacha kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote duniani, ukimtoa Urbani, na siku nyingine bila hata kumtoa. Na mwenye kosa anaitwa sista, watu wanampigia magoti.

Urbani alimwambia wazi, "Sema. Ni dada yangu, lakini sema. Ita kikao, weka hilo gamba mezani, Romanus alione."

Theodosia aliliweka gamba kwenye kopo la majani ya chai. Alichukua simu mara mbili akairudisha. Mwishowe alisema, "Nikisema leo, jubilei yake itakuwa ya togwa. Watu hawatakumbuka nadhiri, watakumbuka ndoo. Mimi nimekuwa kichekesho, najua ladha yake. Siku ile ni yake. Yangu ni kilima."

Akarudi kazini. Walizibua mrija mmoja mmoja kwa waya wa spoku. Injini nayo waliiosha ndani kwa maji ya moto na magadi, wakaiwasha, wakamwaga, wakarudia wiki nzima, mpaka maji yaliyotoka ukiyatia kwenye glasi unaona upande wa pili. Kisha Theodosia akaliendesha mpaka karibu na Namtumbo akarudi. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukakaa hapo umetulia. Trafiki aliyelikagua alizunguka mara mbili, akatafuta kosa kwa bidii, akakosa, akamuuliza mama dereva yuko wapi. Akaonyeshwa leseni.

Jumamosi ya jubilei ilikuwa baridi ya Agosti yenye jua kali. Wanawake wa ukoo walikuja kulipamba gari kwa maua na vitenge. Theodosia aliwaacha wafanye watakavyo kila mahali isipokuwa mbele ya radieta. Hapo alisimama mwenyewe, mikono kiunoni. Sista Anjelika akatoka getini kwa masista wenzake, sasa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, miwani usoni, taji dogo la maua juu ya shela. Alimkumbatia wifi yake muda mrefu, kisha akapanda mbele. Noa ikafuata, Romanus dirishani, nyuma yake bodaboda zinapiga honi.

Njia nzima sista alikuwa na rozari mkononi. Ndengela ilipoonekana, Theodosia akarudisha gia, akakanyaga. Kona ya kwanza ikapita. Mshale uko katikati. Wakaingia sehemu yenye jiwe kubwa kushoto, palepale mpira ulipopasuka mwaka ule.

"Wifi," sista alisema, "simama hapa."

"Hapa? Anjelika, huu ndio mlima. Huku nyuma kuna mtu anasubiri nisimame."

"Simama."

Theodosia akasimama. Akavuta hendibreki mpaka mwisho. Nyuma Noa ikasimama, bodaboda zikanyamaza, na kwenye kioo alimwona Romanus anafungua mlango.

"Siku ile ulipoenda mtoni," sista akaanza, "mimi nilimimina togwa. Ndoo nzima. Nilidhani nasaidia. Nilipoona limeharibika niliogopa, na walipokusema nikanyamaza. Nimeungama kwa mapadri watatu, wifi. Wote wamenisamehe, ila sikuwahi kukuambia wewe. Ndiyo maana nilitaka Birika. Nilitaka niseme hapahapa."

Theodosia alitazama mbele.

"Najua," alisema. "Gamba lake tumelikwangua kwa bisibisi. Lipo nyumbani, kwenye kopo la majani ya chai."

"Unajua tangu lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa na kazi."

Sista akavua miwani, akalia. Theodosia alikuwa hajamaliza kilima, na hakulia. Romanus alikuwa ameshafika dirishani, anahema, uso umejaa ushindi.

"Nilisema. Jamani, si nilisema? Sista, shuka, twende kwenye Noa."

"Kaka," alisema Sista Anjelika, "gari ni zima. Mimi ndiye nililiua mwaka ule. Nilitia togwa kwenye radieta. Umemsema bure miaka ishirini na mitano, na mimi nimekuacha umseme." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani, mpaka wa bodaboda wakasikia. "Sasa rudi kwenye Noa, utupishe, tumechelewa."

Romanus akageuka akarudi kwenye Noa. Mtu aliyezoea kusema, siku anapokosa neno, unamhurumia kidogo. Theodosia hakumhurumia.

Lakini gari lilikuwa limesimama katikati ya mlima mkali kuliko yote njia ile, limejaa watu na masufuria, na kuling'oa hapo bila kurudi nyuma hata hatua moja si kazi ya kila dereva. Akaweka gia ya kwanza. Akaachia klachi polepole mpaka akalisikia gari linaomba. Akashusha hendibreki. Birika halikurudi nyuma hata upana wa kiganja. Likapanda. Noa ilijaribu kufuata, ikazima, ikarudi nyuma, ikabidi watu washuke wasukume, na mmoja wa waliosukuma alikuwa mwenyekiti wa kikao.

Lihangweni ngoma ya lizombe ilisikika tangu mbali. Vitenge vilikuwa vimetandikwa vyote, kutoka barabarani mpaka mlango wa kanisa, vya njano, vya bluu, vipya vinang'aa. Habari za togwa zilikuwa zimeshafika, bodaboda zina miguu mirefu. Sista akashuka, vigelegele vikapanda. Badala ya kutembea, akazunguka gari mpaka upande wa dereva, akafungua mlango.

"Shuka, wifi. Tunakwenda wote."

Theodosia alitazama vitenge, akatazama viatu vyake, vile vya gereji, alivyovivaa makusudi kwa ajili ya pedali. Vilikuwa vimelowa oili mpaka kwenye kamba. Akainama kuvivua.

"Acha," sista akamshika mkono. "Mimi nilifika hapa na vumbi mpaka magotini kwa kosa langu. Wewe pita na oili yako."

Wakapita wameshikana mikono, taratibu, mtawa na dereva, shingo zimesimama. Kitenge cha kwanza kabisa kilikuwa cha mke wa Romanus, kipya, hakijawahi kuvaliwa. Doa la kiatu liko pale mpaka leo, halitoki kwa sabuni yoyote, na Theodosia hajawahi kuomba radhi.